MIFUPA NA DAFTARI LAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na mwenzetu mmoja. Yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale walio katika vituo vya mbali ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme juu ya jambo lo lote nilifanyalo baada ya saa za kazi, nilimjibu ya kuwa jambo langu huenda likawachukiza wengine, hasa wale watakaokuwa wametoka kula. Naye alinijibu kwa mstari mmoja tu: "Njoo nalo." Basi nimekuja nalo, nalo ndilo hili lililo mezani: fuvu la mbuzi, taya la ng'ombe, kidari cha kuku, na daftari moja la kurasa 200. Nawaomba mlitazame daftari kwanza kabla ya kuitazama mifupa, maana habari yenyewe imo humo.

Mimi ni mkusanyaji wa mifupa ya wanyama. Sisemi mifupa ya wanadamu. Hiyo ina makaburi yake na heshima yake, wala haifai kuguswa. Tena sisemi mifupa ya kuwinda. Sijapata kuua kiumbe hata kimoja kwa kulitaka fuvu lake. Nasema mifupa ya mnyama aliyekwisha kufa kwa ajali, au kwa uzee, au kwa kisu cha mwenye kumla. Mifupa ambayo watu huitupa jalalani, nami nikaiomba.

Nilianza nilipohamishiwa wilaya moja ya bara, mahali ambapo jioni ni ndefu na jamaa ni wachache. Nikitoka kazini nilikuwa nikitembea njia ya malishoni kunyosha miguu. Siku moja niliona fuvu la mbuzi chini ya mgunga, jeupe, limesafishwa na jua na sisimizi. Nikaliinua. Nikaona ya kuwa taya la juu halina meno ya mbele hata moja. Nilikuwa nimekula nyama ya mbuzi tangu utotoni, wala sikupata kulijua jambo hilo. Nikampelekea mzee mmoja mchungaji, nikamwuliza kama mnyama huyu alikuwa mgonjwa. Akacheka sana. Akaniambia, "Bwana Karani, hakuna mbuzi mwenye meno ya mbele juu. Yote manane yako chini. Wewe umesoma nini?"

Kisha akanifundisha kusoma. Mbuzi, alisema, hubadili meno yake ya mbele jozi kwa jozi: jozi ya kwanza anapopita mwaka mmoja, na baada ya hapo kama jozi moja kila mwaka, hata akifika miaka 4 hivi ameyatimiza yote. Alilitazama taya la chini la mnyama wangu, akasema, "Huyu alikuwa wa mwaka wa tatu." Nikaona ya kuwa nimeshika mkononi hati iliyoandikwa kwa maandiko nisiyoyajua, na mzee asiyeketi darasani hata siku moja aisoma kama sisi tusomavyo barua. Tangu siku ile sikuacha.

Mambo yaliyomo katika mifupa ni mengi, nami nitataja machache tu. Twiga na panya, wote wawili, shingo zao zina pingili 7, sawasawa na shingo ya karani ainamiaye meza. Iliyo ndefu ni pingili, wala si hesabu yake. Kuku ndiye mwenye shingo ya pingili nyingi, kama 14. Tazameni na kidari cha kuku hiki: katikati umesimama mfupa mwembamba kama mkuku wa jahazi. Hapo ndipo zinaposhikamana nyama za kupigia mabawa. Mbuni, ambaye hawezi kuruka, hana mkuku huo. Kidari chake ni bapa kama sahani. Na mfupa huu wa ng'ombe, wa chini ya goti, una mfereji mwembamba uliotoka juu hata chini: ni alama ya mahali ilipoungana mifupa miwili ikawa mmoja. Kila kitu kina sababu yake, na sababu hiyo imeandikwa palepale, kwa mwenye subira ya kutazama.

Sasa niseme mfupa ni kitu gani, maana asiyejua hili ataharibu kazi yake kama nilivyoharibu mimi. Mfupa umefanywa kwa vitu viwili vilivyochanganyika. Kama theluthi mbili za uzani wake ni madini ya namna ya chokaa, yanayoupa ugumu. Na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nyuzi laini zinazoupa unyumbufu usivunjike. Mkitaka kuona kwa macho, tieni mfupa wa paja la kuku katika siki kwa siku chache: siki itaila ile chokaa, na mfupa utapindika kama mpira. Tieni mwingine motoni hata uwe mweupe: zile nyuzi zitaungua, na mfupa utasagika kwa vidole. Mfupa mzima wataka vyote viwili. Kwa hiyo kazi yote ya kusafisha ni kuondoa nyama na mafuta bila ya kugusa chokaa wala nyuzi.

Mabwana na mabibi, kabla ya kusema namna ya kusafisha, hapana budi niseme upi wa kuokota na upi wa kuacha. Hapa pana hatari mbili: moja ya maradhi, na moja ya sheria.

Hatari ya maradhi ni kimeta. Mnyama akifa ghafula, akavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au mdomoni au nyuma, usimguse, usimchune, usimpasue, wala usingoje mifupa yake ikauke ukaichukue. Mpashe habari afisa mifugo siku ile ile. Mbegu za ugonjwa huu hukaa ardhini miaka mingi sana bila ya kufa. Katika mwaka 1942 wanajeshi wa Uingereza walifanya majaribio ya kimeta juu ya kondoo katika kisiwa kiitwacho Gruinard, pwani ya Uskochi. Na kisiwa kile hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, baada ya udongo wake kutiwa dawa. Ikiwa udongo waweza kulihifadhi janga kwa miaka karibu 50, basi mfupa wa mnyama msiyemjua kifo chake usiingie nyumbani mwenu. Vilevile mzoga mbichi wa mbwa au popo uacheni, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Na hata mfupa ulio salama, ushikeni kwa glavu, mbali na jiko na kisima na watoto. Na ndoo ya kazi hii isifanye kazi nyingine.

Hatari ya pili ni sheria. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yahesabu mfupa, jino, pembe na fuvu la mnyama wa porini kuwa ni nyara. Na nyara za mnyama aliyeokotwa amekufa ni nyara za Serikali. Si hoja kwamba hukuua. Si hoja kwamba fisi ndiye aliyeua. Kukaa nayo nyumbani bila ya kibali ni kosa, na adhabu yake ni nzito, kifungo cha miaka mingi nacho kimo. Kenya nayo inayo sheria yake ya mwaka 2013, nayo si nyepesi. Na mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, huo ni mali ya kale, unalindwa na sheria nyingine. Uacheni palepale, mwarifu wenye idara. Sisi tulio watumishi wa Serikali hatuwezi kusema hatukujua.

Wengine watasema, "Mfupa ulio mbugani waoza bure, kuna hasara gani nikiuchukua?" Hasara ipo. Huko Amboseli, Kenya, tangu mwaka 1975 Bibi Anna K. Behrensmeyer, mtaalamu kutoka Marekani, amekuwa akihesabu mifupa iliyolala juu ya ardhi na kuandika hali yake. Mwaka 1978 alitoa kipimo cha ngazi 6, tangu sifuri hata 5. Katika ngazi ya sifuri mfupa ungali una mafuta na hauna ufa. Baadaye hupasuka nyufa za kufuata urefu wake, kisha hubanduka maganda, kisha huwa na uso wa nyuzinyuzi, hata mwisho huanguka vipande mahali ulipolala. Jua, mvua na baridi ya usiku huweza kuumaliza mfupa wa mnyama mkubwa katika muda wa miaka 15 au chini ya hapo. Yeye pamoja na mwenzake, David Western, walionyesha mwaka 2009 ya kuwa mifupa iliyolala ardhini yalingana vizuri na habari za wanyama hai waliohesabiwa pale kwa miaka 40: wanyama gani wamezidi na gani wamepungua. Basi mfupa ule ulioudhani waoza bure ni karatasi katika jalada la mwenzio. Ukiichomoa umeliharibu jalada.

Basi tubaki na nini? Tunacho cha kutosha: mbuzi, kondoo, ng'ombe, punda, kuku, bata, sungura wa kufugwa, na samaki wa sokoni. Fuvu la kambare peke yake laweza kumshughulisha mtu mwezi mzima. Pamoja na hayo ombeni ruhusa. Mbuzi aliyekufa malishoni ana mwenyewe, na mwenyewe huenda angali na uchungu wa mnyama wake.

Sasa kazi ya kusafisha. Makosa makubwa ni mawili, nami niliyafanya yote.

Fuvu langu la pili nilililetea nyumbani likiwa na nyama. Kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilitwaa sufuria la mke wangu nikalichemsha saa 4 pamoja na sabuni ya unga. Nyama ilitoka, ni kweli; lakini meno yalipasuka, mishono ya kichwa ikaachana, na mafuta badala ya kutoka yakazama ndani ya mfupa, ukawa wa manjano na wa kunata. Nyote mnaijua supu ya kongoro, jinsi inavyoganda ikipoa. Kinachoganda ni zile nyuzi laini zilizoyeyuka kwa moto. Kuchemsha mfupa ni kuunywa supu na kubakiwa na chokaa. Katika kulitengeneza kosa lile nikafanya la pili: nikalitia fuvu katika dawa ya klorini, ile jiki ya kufulia nguo nyeupe. Likawa jeupe siku ile ile. Lakini klorini hula nyuzi hizo hizo, na baada ya miezi michache pua ya fuvu ilikuwa ikimomonyoka kama mkate mkavu. Na sufuria jipya nikalinunua kwa mshahara wangu.

Njia iliyo njema ni hii. Kwanza, ondoeni nyama kwa kisu kwa kadiri mwezavyo. Pili, tieni mfupa katika ndoo ya plastiki yenye maji ya kawaida, mfunike bila ya kukaza, mweke mahali penye joto mbali na nyumba za watu. Wafanyakazi wa kazi hii ni vijidudu vidogo vilavyo nyama ndani ya maji. Harufu yake ni mbaya, siwezi kuwadanganya. Mkitaka kupunguza maji machafu, mwageni sehemu tu, katika shimo lililo mbali na kisima, mkaongeze mengine. Mkimwaga yote mmewafukuza vibarua wote kwa siku moja, na kazi itaanza upya. Katika joto la kwetu, fuvu la mbuzi hutakata kwa majuma machache. Mwageni kupitia chekeche, maana meno yatalegea na kutoka, na vifupa vidogo vya ndani ya pua na sikio ni rahisi kupotea. Mnyama akiwa mchanga, vichwa vya mifupa ya miguu vitabanduka kama vifuniko. Msivitupe, ni sehemu ya mfupa ambayo haijaungana bado, na ni ushahidi wa umri wake. Gamba la pembe nalo litachomoka, na ndani yake mtaona mfupa wenyewe wa pembe. Watu wengi hawajui ya kuwa pembe ya mbuzi ni vitu viwili.

Wako wanaozika mfupa katika mchanga ndani ya chungu kilichotobolewa, na wako wanaowaachia sisimizi. Njia hizo ni nzuri, lakini udongo hutia rangi, na sisimizi hawarudishi walichochukua. Katika majumba ya makumbusho hufuga mbawakawa wadogo walao nyama kavu, nao husafisha hata mifupa ya ndege mdogo bila ya kuitawanya. Ila wakitoroka hula ngozi, sufu na vitabu, basi sisi wenye majalada tusiwakaribishe.

Tatu, kutoa mafuta. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana mfupa huonekana umekwisha kuwa safi. Uwekeni katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Maji yakionyesha mafuta juu, badilisheni. Kazi hii yaweza kuchukua majuma, na kwa mfupa wa ng'ombe miezi. Mkiona madoa ya manjano yenye kung'aa kama karatasi iliyofungiwa sambusa, mafuta yangalimo. Haraka haraka haina baraka, na mithali hii sikuielewa barabara mpaka niliposafisha paja la ng'ombe.

Nne, mkipenda weupe, nunueni katika duka la dawa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mlowekee mfupa siku moja au mbili katika chombo kisicho cha madini, wala msikaze kifuniko, kwa kuwa hutoa hewa. Kisha mkaukaushe kivulini. Jua kali hupasua meno. Meno yaliyotoka rudisheni kwa gundi nyeupe ya seremala, kila jino katika shimo lake. Halikai katika shimo la jirani, jaribuni mtaona.

Hayo ndiyo ya mikono. Sasa nije kwenye daftari.

Mfupa uliosafishwa vizuri usio na maandiko ni taka nyeupe. Hujui umetoka wapi, wala lini, wala kwa nani. Katika daftari langu kila mfupa una mstari wake, na mstari una nafasi 7: namba, tarehe, mahali, mnyama na mfupa, aliyenipa au aliyenionyesha, hali ulivyokuwa, na namna nilivyousafisha. Namba ile ile huandikwa juu ya mfupa kwa wino mweusi usiofutika, mahali pasipoonekana sana, na tena juu ya kikaratasi ndani ya sanduku. Naandika siku ile ile, kabla ya kuoga. Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Walisema juu ya biashara, lakini ni kweli juu ya mfupa.

Niwape mfano mkubwa kuliko wa kwangu. Katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, tangu mwaka 1909 hata 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa waliokufa miaka kama milioni 150 iliyopita. Mamia ya watu wetu walifanya kazi pale. Wao ndio waliochimba, na wao ndio waliochukua mizigo kwa vichwa na mabega, safari ya miguu ya siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Mifupa ilipelekwa Berlin, na mwaka 1937 mnyama mmoja alisimamishwa katika jumba la makumbusho huko, mwenye kimo cha kupita mita 13. Angali amesimama hata leo. Sehemu kubwa ya mifupa yake ilitoka katika shimo lililoitwa kwa herufi S, nayo ikaandikwa S II. Nyingine, kama mkia, ilitoka mahali pengine. Jambo hili lajulikana kwa kuwa liliandikwa. Mtaalamu wa leo akitaka kujua mfupa upi ni wa mnyama yupi, hurudi katika herufi na namba za siku zile.

Lakini tazameni upande wa pili. Mifupa ilipewa namba. Wachukuzi wengi hawakuandikwa hata majina. Mmoja ambaye jina lake lilibaki ni Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi na fundi wa kuitengeneza mifupa pale kilimani. Kwa kuwa jina lake liliandikwa, mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwanamume huyu amepewa haki yake baada ya miaka karibu 100, kwa sababu ya mstari wa wino. Wenzake waliobeba mifupa ile ile hawawezi kupewa, maana hatuwajui. Ndiyo sababu nafasi ya tano ya daftari langu, "aliyenipa au aliyenionyesha," siiachi tupu kamwe. Mzee mchungaji yumo katika mstari wa kwanza.

Nilidhani ya kuwa nawafanyia watu hao hisani. Kumbe wao ndio waliokuja kuniokoa.

Katika mwaka wangu wa tatu mahali pale, mtoto wa jirani alishikwa na homa kali. Ulimi hauna mfupa. Neno likaanza kuzunguka ya kuwa karani mgeni aweka mafuvu ndani ya masanduku, na usiku huonekana akiyaosha. Jioni moja mwenyekiti wa mtaa alifika na wazee wanne, na nyuma yao watu kama 30. Niliwaamkia, wakaniitikia kwa shida. Mwenyekiti alisema kwa adabu, "Bwana Karani, watu wanataka kujua unafanya nini na mifupa."

Nilitaka kukasirika. Nilitaka kusema juu ya elimu na ujinga. Namshukuru Mungu sikusema. Niliingia ndani nikatoa masanduku yote na daftari, nikaketi barazani, nikaanza kusoma mstari kwa mstari kwa sauti, nikiinua kila mfupa na namba yake. "Namba 14. Taya la ng'ombe. Limetoka kwa muuza nyama wa sokoni," nikamtaja jina. Muuza nyama mwenyewe alikuwa amesimama nyuma. Akasema, "Kweli, nilimpa mimi, tena nilimcheka." Nikasoma wa mama ntilie aliyenipa vichwa vya samaki, akasema kweli. Nikasoma wa mzee mchungaji, naye akasogea mbele, akalichukua taya la mbuzi akaanza kuwafundisha watu miaka ya meno, hata watoto wakajipenyeza kutazama. Nikaona nyuso zinalainika.

Kisha mzee akatia mkono chini ya sanduku la mwisho akatoa kipembe kimoja kifupi, kilichonyoka. Hakikuwa na namba. Hakikuwa na kikaratasi. Akakigeuza geuza, akasema polepole, "Bwana Karani, hiki si cha mbuzi. Hiki ni cha digidigi. Umekipata wapi?"

Wenzangu, sikuwa na jibu. Yamkini nilikiokota katika safari moja ya kikazi nikakitia mfukoni, nikasema moyoni nitaandika kesho. Sikumbuki. Nilikuwa nimesoma mistari 60 bila ya kukwama, na mfupa mmoja usio na mstari ukayafanya yote kuwa ya mashaka. Watu wakanyamaza. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nilifuatana na mwenyekiti mpaka ofisi ya wanyamapori, nikiwa na kile kipembe na barua ya nakala mbili, nikieleza ya kuwa nimekikuta katika mali yangu na sijui kilikotoka. Afisa alikipokea, akakiandika katika kitabu chake, akagonga muhuri nakala yangu. Kisha akaniambia, "Umekileta wewe. Ningekifuata mimi nyumbani kwako, maneno yetu yangekuwa mengine." Nikatoka nikitokwa na jasho. Nakala ile ninayo hata leo, imebandikwa katika daftari, mahali pa mstari niliokosa kuandika.

Mtoto alipimwa zahanati akaonekana ana malaria, akatibiwa, akapona. Watu wengi wakarudi kunizoea. Jirani mmoja hakupata kuniamkia tena hata siku niliyohamishwa, nami simlaumu. Aliona mifupa na hakuona sababu yake, na mimi mgeni sikuwa nimewaeleza watu jambo lo lote kwa miaka miwili. Kosa hilo nalo ni la kukosa maandiko, ila ni maandiko ya mdomo. Leo nikifika mahali papya, kwanza naenda kwa mwenyekiti wa mtaa na daftari langu, namwonyesha, namweleza. Ndipo naweka ndoo.

Bwana Mwenyekiti, nimalize. Sisi tulio makarani watu hutudhania ya kuwa kazi yetu ni karatasi tu, kitu kikavu. Nami nasema ya kuwa mazoea yale yale ya masjala, kutopokea kitu pasipo kujua kimetoka kwa nani, kukipa namba siku ile ile, kukiweka mahali kitakapoonekana, ndiyo yanayotofautisha elimu na rundo la taka; na siku nyingine ndiyo yanayotofautisha mtu mwema na mtuhumiwa. Mwenye kutaka kuanza, aanze na kichwa kimoja cha mbuzi alichokiomba kwa adabu, ndoo moja yenye kifuniko, na daftari. Akikosa ndoo aweza kuazima. Akikosa daftari asianze.

Masanduku yako wazi pale mezani, na glavu ninazo jozi 3, karibuni mtazame. Ila nawasihi, kila mfupa urudi katika sanduku lenye namba yake.